Safarini Tangu Kuzaliwa

Kambi ya Miwa ya Monte Largo,
Njia ya San Pedro.

10 Novemba 2009

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kurekebisha Katiba,
Santo Domingo.

YAH: MALALAMIKO YA ABIRIA AMBAYE BASI LAKE HALIJAFIKA

Mheshimiwa,

Kama umenizidi umri, naomba baraka yako. Kama nimekuzidi, Mungu akubariki, mwanangu, na akuongezee usingizi, maana nasikia kazi ya kuandika Katiba inachosha.

Mimi ni Fredesvinda Yan, mjane, umri wangu miaka sitini. Nakaanga yanikeke, ile mikate bapa ya unga, kwenye lango la shule ya hapa Monte Largo. Unga nausukuma mwembamba, mafuta yangu ni safi, na watoto wa shule wanaziita yanikeke zangu “matandiko” kwa upana wake. Najieleza hivi ili usidhani umeandikiwa na mtu asiye na shughuli.

Nimesikia redioni kwamba mnaiandika upya ibara ya uraia. Katiba tuliyonayo inasema kila azaliwaye katika ardhi hii ni Mdominika, isipokuwa watoto wa mabalozi na watoto wa watu walio safarini. Sasa mnataka kuongeza na watoto wa wasio na karatasi, ili mlango ufungwe barabara. Hongereni sana. Mimi sina ugomvi na milango. Nyumba isiyo na mlango huingiwa na kuku wa jirani. Lalamiko langu ni dogo tu: mmefunga mlango mimi nikiwa ndani, nimekaa, nimevua viatu, halafu mnaniambia kupitia dirishani kwamba niko njiani.

Acha nieleze lilivyoanza. Mwezi uliopita nilikwenda mjini, kwenye Ofisi ya Vizazi na Vifo, pamoja na mjukuu wangu Deyanira. Ana miaka kumi na saba. Mama yake, yaani binti yangu, anafanya kazi za ndani huko kwenu mji mkuu, na mtoto nimemlea mimi, akaandikishwa kwa jina langu. Tulikwenda kuomba nakala mpya ya cheti chake cha kuzaliwa. Bila nakala hiyo haandikishwi kufanya mtihani wa taifa, na bila mtihani hakuna chuo cha uuguzi, na bila chuo cha uuguzi atakuja kusimama pale langoni akaange yanikeke kama mimi. Kazi ya yanikeke si mbaya, lakini mtoto huyu tangu ajue kusoma hajawahi kuwa wa pili darasani. Kumweka mbele ya karai ni dhambi.

Afisa wa pale ni Lisensiado Olivo. Huku kwetu mtu akishasoma hakubali kuitwa jina tupu, nami sitamvunjia heshima. Alilitazama jina, akautazama uso wa mtoto, akarudi kwenye jina.

“Yan,” akasema. “Yan ni jina la upande ule wa mpaka.”

“Upande upi, Lisensiado?”

“Upande ule, Doña Frede. Unaujua.”

“Mimi ninachojua, kaskazini yangu ni miwa na kusini yangu ni miwa.”

Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kumfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. “Sikiliza, Doña. Baba yako alikuja kukata miwa. Alikuwa safarini. Wewe umezaliwa na mtu aliye safarini, binti yako kazaliwa na wewe, na huyu kazaliwa na binti yako. Kisheria nyote mko safarini. Nakala haitoki mpaka tufanye uchunguzi.”

“Uchunguzi utaisha lini?”

“Huo nao uko njiani,” akasema, na wala hakuwa anatania.

 Deyanira alikunja kitambulisho chake cha shule akakitia mfukoni, akaaga kwa adabu kama nilivyomfundisha. Tulipofika nje, kwenye ngazi, ndipo akaniuliza, “Bibi, safarini kwenda wapi?”

Mheshimiwa, nilimwambia nitamjibu tukifika nyumbani. Uliza mtu yeyote Monte Largo, mimi kuahirisha jibu si kawaida yangu. Hasira niliyoipata siku ile sijaipata tangu kimbunga kilipoondoka na bati langu na kumwachia jirani lake. Lakini nilipolala nikaamka, nikajiambia: Frede, wewe ni mtu wa kutii sheria. Kama Jamhuri imesema wewe ni msafiri, basi ni msafiri, na msafiri ana haki zake. Ndizo ninazokuja kuzidai hapa, kwa namba, kama inavyotakiwa.

1. Kuhusu basi.

Abiria yeyote ana haki ya kujua gari lake linaondoka saa ngapi. Mimi nimezaliwa kituoni, nimebatizwa kituoni, nimeolewa kituoni, nimezeekea kituoni, na haijatokea hata mara moja kondakta akaliita jina langu. Nakiri kwamba mimi si msafiri hodari. Nikipanda gari kutoka hapa hadi San Pedro, mwendo wa kupika wali tu, natapika. Makondakta wote wa njia hii wananijua. Wakiniona wanaanza kupiga kelele, “Dirishani! Mpisheni Doña Frede dirishani, jamani, mtajuta!” Kwamba katika watu wote wa nchi hii serikali imenichagua mimi kuwa msafiri wa kudumu ni jambo la ajabu, lakini wito ni wito.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu baba yangu hata hizo mbili hakuzifaidi. Kampuni ilikwenda kumchukua yenyewe kwa lori lake, ikamshusha hapa, na kabla hajauliza maji ya kunywa yako wapi akapewa panga. Sheria ya zamani ilimhesabu mpita njia kuwa ni mtu wa siku kumi. Siku kumi! Baba yangu alikata miwa mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akazaa watoto watano, akazika wawili, akapanda mparachichi na kuyala matunda yake. Kama huko ndiko kupita njia, naomba kuuliza kwa heshima zote, mtu anayekaa anakaaje?

2. Kuhusu huduma za abiria.

Jirani yangu Milcíades ni kinyozi. Aliwahi kumsindikiza kaka yake uwanja wa ndege, na tangu siku hiyo anayajua mambo ya safari kuliko rubani. Aliposikia habari yangu aliacha kichwa cha mteja nusu akaja mpaka kwenye karai langu. “Frede,” akasema, “ndege ikichelewa pale, wanakupa kitanda na kuku! Kuku wa bure! Wewe umecheleweshwa miaka sitini, mwanamke, dai kuku wako!”

Watu walicheka, nami nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona ana hoja. Nadai kuku wangu. Sitaki mniletee wa miaka yote kwa mpigo, banda langu ni dogo. Kuku wa Jumapili watanitosha.

Tena, abiria hafagii kituo. Padre ameniweka kwenye zamu ya kufagia kanisa kila Jumamosi, na kabla yake padre mwingine aliniweka hivyo hivyo. Ningeomba Kamati imwandikie kwamba ufagio huo ni wa wenyeji. Abiria vilevile halipi bili ya umeme ya kituo. Ingawa kwenye umeme sitapigia kelele sana, kwa sababu kama kuna kitu katika nchi hii kilicho safarini kwelikweli, ni umeme. Unapita asubuhi, unasalimia, unaondoka, na sijasikia Lisensiado Olivo akiuchunguza.

3. Kuhusu jina langu.

Lisensiado anasema Yan ni jina la upande ule. Namheshimu, kasoma, lakini hapo kateleza. Baba yangu aliitwa Jean. Karani wa kampuni, Mdominika mwenye karatasi zake zote, alipomwuliza jina alisikia alivyosikia, na akaandika alivyosikia: Yan. Baba hakujua kusoma, akashukuru. Pierre wa nyumba ya pili aliamka siku hiyo akawa Pie, na babu wa marehemu mume wangu, Fils, akawa Fis. Kambi nzima ilibatizwa upya mbele ya meza moja na mtu mmoja mwenye haraka ya kwenda kula.

Sasa nendeni upande ule mkamtafute Yan. Mtazunguka mpaka soli ziishe, hamtampata hata wa dawa. Jina hili limetungwa hapa, kwa wino wa hapa, kwa kosa la tahajia la hapa hapa. Likipelekwa upande ule litasimamishwa mpakani na kuambiwa ni la kigeni. Kwa hiyo kama kuna kitu kilichozaliwa katika ardhi hii bila shaka yoyote, ni jina langu. Naomba ibara mpya itamke hivyo: jina lipewe uraia, na mimi niruhusiwe kulifuata kwa nyuma kama yaya.

4. Kuhusu marehemu.

Mume wangu, Librado Fis, amelala kwenye makaburi ya nyuma ya mizani ya miwa. Siku ya mazishi padre alisema, “Ndugu yetu amefika nyumbani.” Nilimwamini, na lilikuwa ndilo neno pekee lililonituliza siku ile. Sasa naambiwa kwamba naye, kwa sababu ile ile, yuko safarini. Mheshimiwa, nifanyeje? Kila Siku ya Wafu nampelekea mshumaa na kikombe cha kahawa. Kumbe nampelekea mtu aliye kwenye foleni! Je, nimfungashie na nguo? Nimwambie asilale sana, gari lisije likampita?

Lipo na swali la mali. Juu ya kaburi lake umeota mchungwa, hakuna aliyeupanda, na machungwa yake ni matamu kuliko yote ya kambini. Mzizi wake unakula kwa mpita njia, lakini matawi yako kwenye hewa ya Jamhuri. Machungwa hayo ni raia au si raia? Tunayala kila mwaka, na sitaki nife nikiwa nadaiwa na taifa lolote.

5. Kuhusu Bendera, zote mbili.

Siku ya Katiba, tarehe sita ya mwezi huu, desturi ya shule zetu mnaijua. Mwanafunzi mwenye alama za juu kuliko wote ndiye anayebeba bendera. Mkaguzi alikuwa amemwambia mwalimu mkuu, Profesora Nereida, afikirie mara mbili kuhusu Deyanira. Profesora akafikiria mara mbili, kisha akampa bendera.

Kwa hiyo nalalamika rasmi. Mpita njia ameibeba bendera ya Jamhuri kutoka shuleni hadi kanisani na kurudi, juani, mikono imenyooka, na hakuna afisa hata mmoja aliyemsimamisha kumwuliza cheti. Wanaume walivua kofia. Askari alipiga saluti. Lisensiado Olivo mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya duka, mkono kifuani. Nilimwona kwa macho yangu haya. Mimi niliacha karai motoni nikakimbilia barabarani, yanikeke zikaungua zote, na nililia mpaka Milcíades akanipa taulo lake la kinyozi, likiwa limejaa nywele za watu. Naomba uchunguzi mkali ufanyike. Jambo kama hili lisirudiwe, watu wasije wakazoea.

Bendera ya pili ni ile ya saa sita mchana. Kila Mdominika akisema “nakwenda kula Bendera” anajulikana: wali, maharage na nyama. Nimemwuliza Profesora Nereida asili yake, na nasikitika kuwaletea habari hizi. Mchele umetoka mashariki ya mbali huko. Ng'ombe ameshushwa na Wahispania. Ndizi za kukaanga zinazowekwa pembeni zimekuja kwa njia ya Afrika, yaani njia moja na mababu zangu, na huenda walibanana chini ya sitaha moja. Katika sahani nzima ni maharage peke yake yenye karatasi. Nyinyi waheshimiwa, kila siku, mbele ya watoto wenu, mnakula wapita njia. Na kiongozi wa msafara, yule Amiri wa Wahispania aliyeingia miaka mia tano iliyopita na merikebu tatu bila barua ya mwaliko, mifupa mnayosema ni yake mmeijengea jumba kubwa la taa. Naye nimuulizie basi lake?

6. Kuhusu New York.

Hili naliandika kwa uchungu, maana linamgusa afisa ninayemheshimu. Dada yake Lisensiado Olivo alipanda ndege kwenda New York akiwa na mimba ya miezi minane na koti kubwa, ingawa ilikuwa Julai. Akarudi na mtoto. Mji mzima unajua, kwa sababu Lisensiado aligawa keki ofisini. Niliporudi kuulizia uchunguzi wetu nikampa pongezi.

“Nasikia umepata mpwa, Lisensiado.”

Uso ukamng'aa. “Mmarekani, Doña Frede! Mmarekani halisi, na pasi yake kapewa!”

“Mungu amkuze. Dada yako alikaa sana huko?”

“Wapi! Wiki chache tu, alikuwa anapita.”

Alipolitamka neno hilo alilisikia mwenyewe. Akaichukua kalamu akaihamisha upande wa pili wa meza. “Lile ni jambo tofauti,” akasema.

“Tofauti kubwa,” nikamjibu. “Dada yako alipita kweli. Sisi tumekawia. Kosa letu ni kukawia.”

Wale waliokuwa kwenye foleni wakaguna, na mama mmoja nyuma yangu akasema, “Mwache Doña amalize!” Lakini nilikuwa nimemaliza. Nikaambiwa uchunguzi bado. Napendekeza basi Katiba iliweke jambo hili wazi ili watu wasijichanganye: uraia ni kama samaki, ukikaa nao sana unaoza. Anayetaka mtoto wake awe raia wa mahali afike mwisho wa mwezi, ajifungue, na aondoke mbio.

7. Kuhusu uzazi wenyewe.

Sasa nafika kwenye shina. Nimefikiri sana, Mheshimiwa, na nimegundua kwamba mnahangaika na matawi. Chanzo cha matatizo yote ni watoto. Wanazaliwa ovyo. Hawaulizi, hawajitambulishi, wanatokea tu mahali mama alipo, kama vile hiyo ni sababu.

Napendekeza kila wodi ya wazazi iwekewe afisa mwenye meza. Kichwa cha mtoto kikionekana, mkunga asimame na afisa aulize karatasi. Zikikosekana, mtoto aombwe kwa upole asubiri humo humo mpaka uchunguzi uishe. Mjukuu wangu angekuwa bado anasubiri, na kwa akili aliyonayo angekuwa ameshamfundisha mama yake hesabu za sehemu kutoka ndani. Mtoto mkaidi atakayetoka kwa nguvu, kilio chake kisikilizwe na mtaalamu kujua analia kwa lugha gani. Binti yangu alipozaliwa alilia sana, na kwa masikio yangu kilikuwa Kihispania kitupu, lakini mimi ni nani.

Na tusiishie kwa wakata miwa, maana itaonekana ni chuki, nanyi hamna chuki, mmesema redioni. Afisa aendelee kuwachunguza wote. Hapa San Pedro wapo waliotoka visiwa vya Waingereza, wapo Waarabu wenye maduka ya vitambaa, wapo wajukuu wa Wahispania ambao babu zao walifika na sanduku moja na njaa. Wote watazamwe: babu alikuwa anakaa au alikuwa anapita? Alipofika alisema “nimefika” kwa sauti, na nani alisikia? Mkimaliza kazi hiyo vizuri, bila upendeleo, nchi itabaki na maharage na mijusi. Hapo mtakuwa mmepata Wadominika wasio na doa, na Katiba yenu mtaisomea hao. Wanasikiliza vizuri, hawakatizi.

Baada ya hayo saba, ombi langu ni jepesi. Nataka moja kati ya mawili.

Ama basi liletwe. Liwe kubwa, maana sisafiri bila kitanda changu, karai langu, mchungwa pamoja na aliye chini yake, na lango la shule, kwa kuwa bila lango sina pa kuuzia. Na pale mbele, juu ya kioo cha dereva, pawe pameandikwa kwa herufi zinazosomeka gari linakwenda wapi, kwa sababu kuna mtoto aliniuliza na bado ananidai jibu.

Ama mtangaze kwenye gazeti la serikali, ukurasa wa kwanza, kwamba safari iliyoanza na marehemu baba yangu imekwisha, kwamba tumefika, kwamba hapa ndipo tulipokuwa tunakuja, na abiria wote wanaruhusiwa kushuka na kuhesabiwa.

Nisalimie waheshimiwa wajumbe wote, kila mmoja kwa cheo chake. Wasalimie wake zao na waume zao. Wasalimie wanaowapikia, wanaowafulia na wanaowalelea watoto, hasa hao, maana wengine ni ndugu zangu wa Monte Largo na hawajaandika siku nyingi. Wasalimie mafundi wanaojenga ghorofa mbele ya dirisha lako. Nao najua wametoka wapi, na usiwaambie kwamba nimekwambia. Padre, Profesora Nereida na Milcíades wanakusalimu. Milcíades anasema ukipita huku atakunyoa bure, ukiwa na karatasi.

Nabaki, hapa hapa nilipo,
msafiri wako mtiifu,

Fredesvinda Yan,
Abiria.

N.B. Mheshimiwa, kama umefika mpaka hapa unasoma, basi nimeshindwa, maana barua hii haikuandikwa isomwe. Tarishi wa masjala yenu hunyolewa na Milcíades kila anapokuja kumwona mama yake, na ndiye aliyetufungulia siri. Barua fupi husomwa, na ikishasomwa hutupwa. Barua ndefu yenye namba hakuna aliye na nguvu ya kuisoma, kwa hiyo hugongwa muhuri, moja huingia kabatini, na nakala yake, iliyogongwa muhuri wa serikali, hurudishwa kwa mwenyewe. Ndiyo maana nimeongeza namba kila nilipodhani nimemaliza.

Yote niliyoandika huko juu yafuteni. Mimi si abiria. Sijawahi kuwa abiria hata siku moja. Sitaki basi, sitaki tangazo, na kuku ninao. Nimefanya mzaha kurasa zote hizi kwa sababu hili moja ninalolitaka nikiliandika mwanzoni nitalia, na karatasi ni hii hii moja safi niliyobaki nayo.

Uandikishaji wa mtihani unafungwa kabla ya Krismasi. Profesora Nereida ameapa kwamba atampeleka mtoto kwenye meza ya uandikishaji na karatasi yoyote ya Jamhuri yenye jina lake na muhuri juu yake. Yoyote ile, amesema, na atasimama hapo mpaka waipokee. Mtoto hana hata moja; kitambulisho cha shule hawakihesabu. Kwa hiyo hapo chini nimeliandika jina lake kwa mkono wangu, nimekaza kalamu, na nimeacha nafasi. Mwambie karani agonge hapo, juu ya jina, asigonge pembeni, na wino ukolee. Kisha barua ifungieni kabatini, nakala yenye muhuri nirudishieni kama desturi yenu, wala msihangaike kunijibu.

DEYANIRA YAN. AMEZALIWA HAPA.